Kiganja cha baba mdogo

Uso wake ulikuwa na unga, unga na jasho, na chini ya ule mwembe kivuli kilikuwa kizito mpaka kwenye kemra nilikuwa naona macho tu. Nilikuwa nimepiga goti kama hatua mbili mbele yake. Ngoma za kadodi zimenyamaza, watu wamebanana, mpasuaji keshafika na kisu chake. Nikabonyeza kile kitufe cha pembeni, flashi ikachomoka juu, tak, nikaanza kutafuta fokasi.

Hapo ndo mkono ukaja.

Sio kofi, sio ngumi. Kiganja tu, kimekunjuliwa, kimesimama katikati ya lenzi na uso wa kijana. Na kidole changu kilikuwa kishashuka, kwahiyo taa ikawaka palepale, ikapiga kile kiganja.

"Akipepesa jicho sababu ya taa yako," baba yake mdogo akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, sauti hata hakuipandisha, "wewe utarudi Jinja. Yeye ataishi hapa."

Ilikuwa mwezi wa nane, kijiji kimoja nje ya Mbale. Sasa mwezi wa tisa unaisha na hayo maneno bado yananifuata. Naosha vyombo, yapo. Niko kwenye taksi, yapo. Na cha ajabu ni kwamba kila yakija, sifikirii imbalu, ile tohara ya Wagisu niliyoenda kupiga picha. Nafikiria kiota cha ndege chozi kilichokuwa kwenye boganvilia yangu mwezi wa nne.

Mtoto wa kambi na kemra

Kwa wale ambao hatujuani: mimi nimekulia kambi ya polisi, ndo maana nyumbani kwetu mpaka leo ni Kiswahili. Hapa Uganda unajua mwenyewe, ukiongea Kiswahili sokoni mtu anakuangalia mara mbili, anajiuliza huyu ni mwanajeshi au ni nani. Sasa ongeza kemra shingoni. Nimeshaulizwa natumwa na nani mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina langu.

Kemra yenyewe ni Canon 600D, nilinunua ikiwa imetumika, ina mkwaruzo pembeni kama mtu aliiburuta ukutani. Lenzi mbili, ile fupi inayokuja na kemra na ile ya 55-250 ambayo ndo ya ndege. Sio kazi yangu. Ni ugonjwa wangu wa wikendi.

Watu wanasema Uganda kuna zaidi ya aina 1,000 za ndege na ni kweli, ila wengi wakisikia hivyo wanawaza kinamasi cha Mabamba tu, kwenda kumtafuta yule korongo mwenye mdomo kama kiatu. Mtumbwi, mtu wa kukuongoza, nauli ya kutoka Jinja kuzunguka mpaka kule. Mimi mfuko wangu unaishia kwenye kampaundi. Kwahiyo ndege zangu ni za hapahapa: kwera wanaochana majani ya mgomba wa jirani (jirani hawapendi kabisa), kuzumburu wanaokula mapapai yangu kabla sijayaonja, shorewanda wanaogombana na kioo cha gari, tipitipi anayelia kama maji yanamiminika kwenye chupa. Na chozi.

Chozi ni mweusi mpaka jua limguse

Hapa naomba nikae kidogo.

Kuna chozi mmoja ana kifua chekundu, dume. Ukimwona kivulini ni ndege mweusi wa kawaida, unampita. Alafu anageuza kichwa, jua linamshika, paji la uso linawaka kijani kama mtu amewasha swichi. Ile kijani sio rangi, yaani hakuna rangi ya kijani ndani ya lile nyoya, ni jinsi nyoya lenyewe lilivyopangika linavyorudisha mwanga. Mwanga ukija kwa pembe ingine, hakuna kitu, mweusi.

Na kwenye kile kifua chekundu, ukikaribia sana, kuna vinukta vya bluu. Vidogo sana. Kwa macho huvioni. Niliviona mara ya kwanza kwenye picha moja niliyoikuza kwenye laptopu usiku, nikamwita mke wangu aje aone, akaja, akasema "sawa," akarudi kulala.

Kuanzia hapo nikawa nataka picha moja tu. Dume huyo, karibu, jua likimpiga kifuani, vile vinukta vionekane.

Miezi nahangaika. Chozi hatulii, unasogeza lenzi keshahamia ua lingine, hata ukiweka spidi ya 1/2000 unapata mkia au unapata ua peke yake, na ISO (usikivu wa kemra kwa mwanga) ukiipandisha picha inajaa chengachenga. Nikawa najiambia siku nikijua mahali ambapo lazima arudi, basi.

Mwisho wa mwezi wa tatu, mvua zimeanza vizuri, jike akaanza kubeba utando wa buibui kuupeleka kwenye boganvilia iliyo pembeni ya veranda.

Kiota.

Matawi matatu

Kama hujawahi kuona kiota cha chozi, ni kama soksi ya mtoto iliyoning'inizwa, nyasi na majani makavu yameshonwa kwa utando wa buibui, mlango uko pembeni karibu na juu. Ni jike anayejenga. Dume anaimba juu ya waya wa umeme kama fundi mkuu. Mayai sikuyaona, sikutia mkono, hiyo najivunia, sijui kama ni kitu cha kujivunia. Niliweka kiti ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, nikatoa lenzi dirishani. Jike akazoea. Wiki mbili hivi anatamia, alafu siku moja asubuhi nikaona midomo miwili midogo ya rangi ya chungwa inajitokeza mlangoni.

Na dume akaanza kuja. Mara chache, sio kama mama, ila anakuja na buibui mdomoni, anashika kiota sekunde mbili tatu, anaondoka.

Tatizo kivuli. Kiota kilikuwa ndani kabisa ya majani, ndege mwenyewe alikichagulia hapo, na dume akija anakuwa mweusi tii. Nina picha arobaini za ndege mweusi na buibui.

Tarehe 1 mwezi wa tano, sikukuu ya wafanyakazi, niko nyumbani. Nikachukua makasi ya jikoni.

Nikakata matawi matatu. Madogo, mtu yeyote angeyaona angesema hakuna kitu hapo. Nilingoja mama ametoka, nikafanya haraka, nikarudi nyuma ya pazia. Baada ya nusu saa jua la asubuhi likaingia kama nilivyopiga hesabu, likatua juu ya kiota, na dume akaja, akageuka.

Nikaipata.

Vinukta vyote. Ningeweza kuvihesabu. Nilikaa chini sakafuni nikaiangalia kwenye kile kiskrini kama mtu aliyepokea matokeo ya mtihani.

Ijumaa jioni, tarehe 3, nikatoka kazini nikaenda moja kwa moja dirishani. Kimya. Nikangoja mpaka giza. Jike alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akaondoka, hakurudi. Jumamosi asubuhi nikasogea. Kiota kimechanika upande wa chini, ndani hakuna kitu.

Mashahidi wa kujitetea

Sasa hapa ndo kesi inaanza, na mimi ni wakili na mshtakiwa na hakimu.

Inawezekana ni tipitipi, hao wanakula makinda, na wako wengi huku. Inawezekana paka wa jirani. Nyoka. Tumbili walishapita ile wiki, walivunja mpaka bomba la mvua. Viota vingi haviishi salama hata mtu asipovigusa, hiyo sio siri kwa yeyote anayeangalia ndege. Inawezekana hata makinda waliruka wenyewe mapema, ingawa nilikuwa nahesabu siku na kwa hesabu zangu bado kidogo, na ingawa kile kiota kilichanwa.

Kwahiyo sijui. Nikisema niliwaua nitakuwa naigiza. Nikisema sikuhusika nitakuwa naigiza pia.

Ninachojua ni kwamba kabla ya tarehe 1 ulikuwa unaweza kusimama kwenye geti usikione kiota. Baada ya tarehe 1, mimi mwenyewe nilikuwa nakiona nikiwa barabarani nalipa bodaboda.

Picha niliiweka mtandaoni wiki hiyohiyo. Watu wakaipenda kweli. Mmoja akaniuliza umefanyaje mwanga, nikamjibu "subira tu kaka."

Subira!

Watu wa spring

Kwenye kundi moja la picha za ndege niliko kuna Waingereza wengi, na kila ikifika mwezi wa nne wanajaa furaha, spring imefika, spring imefika, robini kwenye ua, mbayuwayu amerudi. Mimi nilikuwa nawacheka. Sisi hatuna spring, tuna masika, mvua inanyesha ndege wanajenga, ikipungua wanapumzika, vuli wanaanza tena. Na huyo mbayuwayu mnayesema "amerudi" sisi ndo tumemlisha mwezi wa tisa mpaka wa nne, kakaa juu ya waya zetu za umeme miezi yote hiyo, kwenu anaenda kuzaa tu. (Kuna mmoja alifungwa pete Uingereza mwaka 1911 akapatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na ndo wazungu wakapata uhakika anaendaga wapi. Bibi yangu angewaambia bure.)

Ila kuna kitu walikuwa wanasema ambacho nilikiona kama uzungu mtupu. Kwao kuna sheria ya mwaka 1981 inayolinda ndege wa porini na viota vyao, na kuna ndege kwenye orodha maalum, kama mdiria na bundi wa zizini, ambao huruhusiwi kuwasumbua wakiwa kwenye kiota, na kama unataka kuwapiga picha hapo kwa namna ya kuwasumbua unatafuta leseni. Leseni! Nilimsomea mke wangu tukacheka sana, nikasema hawa watu wamekosa shida za kweli.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa tano nilienda kuisoma tena, peke yangu, usiku.

Chozi wangu hata huko asingekuwa kwenye orodha, sio ndege wao. Na hapa kwangu hakuna askari atakayekuja kuniuliza makasi ya jikoni yalikuwa wapi tarehe 1. Ndo maana nilikuwa natafuta mtu wa kuniuliza.

Idd watoto wanakuita wenyewe

Niseme kitu kuhusu sherehe, maana watu wanaojua picha zangu wanajua nusu ni ndege na nusu ni sherehe, na mimi nilikuwa naamini ni kazi moja. Unangoja, unajificha kidogo, unapata kitu ambacho mtu hakukuandalia.

Idd ya mwaka huu, tarehe 10 mwezi wa nne, nilipiga watoto nje ya msikiti mtaani kwetu. Huko hakuna kujificha. Ukishika kemra tu, "Anko tupige! Anko mimi sijapigwa!", wanakuja na kanzu mpya bado ina mikunjo ya dukani, wanapanga vidole, wengine wanalia hawataki kusimama karibu na mdogo wao. Nikawa nalalamika moyoni kwamba hawakai asili, wanapozi. Nilikuwa nangoja wasahau kwamba nipo.

Fikiria. Mtoto anakuambia waziwazi hivi ndivyo nataka kuonekana siku ya Idd, na mimi nangoja asahau.

Hilo sikuliona mwezi wa nne. Nimeliona juzi, nikipanga mafaili.

Chini ya mwembe

Turudi Mbale. Mwaka wa shufwa, ndo mwaka wa imbalu, mwezi wa nane, wanaojua wanajua, barabara zote za Bugisu ni filimbi na njuga na vijana wanakimbia kwa ndugu wakipakwa unga. Nilialikwa na rafiki yangu kazini, anayetahiriwa ni mtoto wa dada yake, na akaniambia njoo na kemra yako upigie familia. Kwahiyo sikuvamia. Hilo nililishika sana zile siku za kwanza: nilialikwa!

Siku mbili nilikimbia nao. Kadodi inakuingia kwenye mbavu, miguu inaenda yenyewe, na nilipata picha nzuri, kijana anacheza mbele ya nyumba ya shangazi yake, vumbi limeinuka mpaka magotini, kuku anatoroka pembeni. Jua la wazi, hakuna shida ya mwanga.

Shida ni kwamba kisu kinakuja uani kwao, na uani kwao kuna mwembe.

Kijana anasimama wima. Hashikwi. Ukoo mzima unamwangalia usoni, sio kule chini kama mgeni anavyodhani, usoni, maana ndo kesi iko hapo. Akirudi nyuma, akikunja uso, akipepesa tu, ni hadithi itakayomfuata mpaka ana wajukuu. Haya yote nilikuwa nayajua. Rafiki yangu alinieleza njiani tangu Tirinyi. Nikayajua kama mtu anavyojua jina la mji.

Alafu kuna kitu ambacho nilikijua mimi peke yangu pale uani. Kemra yangu, ukifungua flashi gizani, haipigi mara moja. Kabla ya picha inarusha mimweko kadhaa ya harakaharaka ijitafutie fokasi, trrrr, ndo inapiga ile kubwa. Usoni mwa mtu aliyeambiwa asipepese. Na haikujifungua yenyewe, niko kwenye M, yaani kila kitu napanga kwa mkono, nilibonyeza mimi.

Kwanini? Kwa sababu uso ulikuwa kivulini na mimi nilikuwa nautaka.

Nilipoona kile kiganja, sekunde ileile, haki ya Mungu, nilisikia makasi.

Nikashusha kemra. Sikuondoka, maana kuondoka pia ni kutikisa watu, nikabaki nimepiga goti mikono tupu nikamwangalia kijana kwa macho yangu. Ilikuwa sekunde chache. Jasho lilishuka kutoka kwenye nywele, likakata njia kwenye unga, likapita juu ya kope, likaingia jichoni.

Hakupepesa.

Vigelegele vilivyopigwa pale sitavielezea, havielezeki.

Malewa

Nilidhani baba mdogo atanikwepa, au mimi nitamkwepa. Jioni akanitafuta yeye na sahani ya matoke na malewa (machipukizi ya mianzi) ya karanga, akakaa pembeni yangu kwenye benchi, tukala. Nikaanza kuomba msamaha akanikata, "Kula kwanza."

Baadaye akauliza, "Ile picha ilitoka?"

Nikamwonyesha. Ni picha kali kuliko zote za safari ile, nasema kweli. Kiganja kimejaa fremu nzima, kimeungua kidogo katikati kwa ule mwanga, lakini mistari yote ipo, sugu za jembe chini ya vidole, kovu refu kwenye gumba, na ndani ya mikunjo kuna unga, maana asubuhi alikuwa mmoja wa waliompaka kijana. Nyuma ya vidole, pembeni kabisa, kuna kipande cha sikio la kijana, hakijakaa kwenye fokasi.

Mzee aliiangalia muda mrefu. Akaikuza. Akauliza kovu linaonekana hivi kweli au ni kemra. Alafu akatoa simu yake akasema, "Nitumie."

Ndo picha yake ya WhatsApp mpaka leo. Nikimpigia, kinanitokea kile kiganja.

Rafiki yangu anaona ni kichekesho kikubwa. Familia yenyewe ilitaka picha ya tukio, sinayo, nikawapa za kucheza na moja ya mama yake kijana amekaa ameshika shuka, hiyo nilimwomba, akafikiria, akasema subiri nifunge kitambaa vizuri. Nikasubiri. Akafunga. Amekaa wima anaangalia lenzi kama yuko studio. Zamani ningeiita picha iliyopozi nikaifuta.

Buibui

Ile ya chozi nimeitoa mtandaoni. Sijaifuta kwenye laptopu, sijafika huko, na sijui kama kuifuta kunamsaidia nani. Naifungua wakati mwingine. Vinukta bado viko vizuri, hilo ndo linaniudhi.

Mvua zimeanza tena hapa Jinja. Boganvilia imerudisha majani yote, huwezi kujua ilikatwa wapi, na tangu wiki iliyopita kuna jike anakuja kwenye veranda. Sijui kama ni yuleyule. Anaganda hewani mbele ya kona ya dari, anachomoa utando wa buibui kwa ncha ya mdomo, anauzungusha kidogo kama mtu anakusanya uzi, anapotelea ndani ya majani. Anapeleka wapi mimi sioni, na sijainuka kwenye kiti kwenda kutafuta. Ninachokiona ni hiyo kona tu.

Kwahiyo nimepiga marufuku kufagia utando kwenye veranda. Nimejaribu kumweleza mke wangu, kwamba ule ndo uzi wao wa kushonea, bila huo soksi haining'inii. Amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa, ila mama yake anakuja Jumamosi, na fagio refu keshaazima kwa jirani.